Nyama Isiyo na Mlaji

Paka ndio waliomchongea Saumu. Wangekuwa na adabu ya kula na kunyamaza, siri yake ingefika salama hadi shule zifunguliwe. Lakini paka hana siri. Akishiba anakuja kulala mlangoni watu wamwone. Paka wa nyuma ya nyumba ya Mzee Obeid, ambao miaka nenda miaka rudi walikuwa wembamba kama paka wengine wote wa mtaa wa Manyatta, walikuwa wameota mashavu. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka ule Michezo ya Afrika ilipofanyika Nairobi na mwenye redio akawa hakosi wageni. Paka walilala juani matumbo juu, na panya akipita walimfuata kwa macho tu. Jirani wa Manyatta akiona paka wa namna hiyo hasemi mashallah. Anauliza wanalishwa nini, na ni nani huyo anayelisha paka na watu wapo.

Walilishwa nyama ya ng'ombe, tena ya paja. Aliyewalisha ni Saumu, msichana wa miaka kumi na mitano, wa kidato cha pili, mtoto pekee wa Mzee Obeid mwenye bucha na mkewe Rehma. Saumu alikuwa ameacha nyama. Usiniulize sababu, maana hata yeye hakuwa nayo. Hakuugua, hakuota ndoto, hakuhubiriwa na mtu. Siku moja tu alikaa mbele ya sahani yake, akaitazama nyama, akaona hana haja nayo. Akala ugali na mchicha akashiba. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, na mwili ukawa mwepesi, na ule usingizi wa mchana ukamwacha. Samaki naye akafuata. Mwalimu wao wa sayansi kimu alishawaambia kwamba maharagwe, kunde na njugu humjenga mtu vizuri tu, na Saumu, ambaye hakuwahi kumwamini mwalimu huyo kwa lolote lingine, kwa hilo alimwamini.

Shida ilikuwa kulisema. Mtoto wa bucha kusema hali nyama ni sawa na mtoto wa kinyozi kufuga nywele hadi kiunoni. Wateja watauliza kuna nini. Kwa hiyo alinyamaza, akawa anaficha vipande vyake kiganjani na kuvipeleka nyuma ya nyumba.

Tena haikuwa nyama yake peke yake. Katika nyumba ile, kama katika nyingi za mtaa wao, baba alikula kwanza, peke yake, sebuleni, pazia limeshushwa. Bakuli lake ndilo lililotiwa nyama ya maana. Akimaliza, bakuli lilirudi jikoni na ndani yake amebakisha vipande vya mtoto. Hiyo ilikuwa kanuni. Baba anayefuta bakuli hana mapenzi, na wanawake walipimana waume kwa kanuni hiyo wakiwa kwenye foleni ya mfereji wa maji, ndoo chini, mikono kiunoni. Hakuna aliyebakisha kama Obeid. Siku nyingine ni mchuzi tu uliokuwa umepungua. Rehma alimsifu mumewe pale mferejini hadi wenzake wakarudi nyumbani na kuwanunia waume zao bure.

Sasa basi, fungu la Saumu likijumlishwa na mabaki ya babake, ilikuwa karamu. Paka walijua saa ya chakula kuliko muadhini anavyojua saa ya adhuhuri.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Milka, jirani wa mlango wa pili, aliyeona mkono wa Saumu ukimwaga steki kwenye majani. Hapa ndipo yule msichana alipokosea, na alikosea kwa raha zake mwenyewe. Ukweli ulikuwa mfupi, hauna ladha: sitaki nyama, basi. Uongo ulikuwa mtamu. Akamwambia Milka kwamba daktari amempima akakuta damu yake ni nzito mno. Milka akaenda zake akitikisa kichwa, na Saumu akaona kumbe ni rahisi. Mamake alipomwona anasukuma kipande huku na huku sahanini, akaambiwa ni jino. Ustadhi wa madrasa aliposikia, kwa njia zake, kwamba binti hali nyama, akaambiwa na binti mwenyewe, macho chini, kwamba anafunga sunna. Na ustadhi akamtolea mfano mbele ya wavulana, jambo lililomfanya Saumu aume ulimi asicheke.

Lakini aliyemponza hasa ni Mama Selpha.

Mama Selpha alikuwa na hoteli ya mabati kule Mamboleo, penye njia panda, ambapo madereva wa malori na utingo wao hula mara moja wakakumbuka wiki nzima. Kila asubuhi alishuka hadi kwa Mzee Obeid akabeba kapu zima la nyama, na kwa hakika kapu lile ndilo lililoiweka bucha hai. Wengine walikuwa wanunuzi wa nusu kilo na robo. Asubuhi moja alimkuta Saumu akifagia mbele ya bucha. Akamwambia kwa utani kwamba amesikia siku hizi nyama haitaki, hata ya babake. Saumu aliegemea mpini wa ufagio, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapunguza sauti.

"Mama, ungejua ninayoyajua, hata wewe usingeila."

Kisha akakimbilia ndani akicheka. Alidhani Mama Selpha naye anacheka. Mwanamke yule alibaki amesimama na kapu lake, akiitazama nyama iliyoning'inia kwenye kulabu.

Maji ya Manyatta yana foleni, na foleni ina midomo. Jioni ile ile Milka alitaja damu nzito. Rehma, maskini, hajui kitu, akasema hapana, ni jino, akajitwika ndoo yake akaenda zake. Mke wa ustadhi akasema mbona yule mtoto anafunga. Na mfanyakazi wa Mama Selpha, aliyekuja kuchota maji kwa dada yake, akatoa lile la nne. Wanawake wakatazamana. Mtu mwenye sababu moja huenda anasema kweli. Mwenye sababu nne anaficha ya tano. Na ya tano ilikuwa wazi kwa kila mwenye akili: mtoto wa bucha hali nyama ya babake, anawapa paka, na kuna kitu anakijua.

Ndoo hazijajaa, kitu kile kikawa punda. Mtu akakumbuka kwamba punda wa muuza maji hajaonekana tangu Pasaka. Punda huyo, na mimi nakwambia ili usibaki na wasiwasi, alikuwa mzima wa afya huko Ahero alikohamia na mwenyewe. Lakini nani atakwenda Ahero kumwangalia punda wakati uvumi uko hapa hapa, umeiva?

Saumu alizipata habari kwa Aoko, rafiki yake wa darasani, binti wa mchuuzi wa samaki wa Dunga. Aoko aliingia jikoni bila hodi, akafunga mlango, akakaa juu ya kigoda.

"Yawa, Saumu, ati nyinyi mnauzia watu punda?"

Aoko alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga ya Rehma iliyotundikwa mlangoni. Saumu naye akacheka, kwa sababu punda ni mnyama wa kuchekesha. Kisha akakoma. Alikumbuka kwamba jana babake alirudi na nyama nyingi kuliko ya sufuria, na juzi pia, na kwamba mwenye bucha harudi nyumbani na nyama nyingi hivyo ila imekosa mnunuzi.

Alivaa ndala akaenda buchani kuangalia. Ng'ambo ya barabara, kwa Wakhisi, watu walikuwa wamejipanga hadi nje. Wakhisi alikuwa mwenye bucha mnene, mchangamfu, asiyemtakia mtu mabaya, na mdomo wake haukupumzika. Alikata nyama huku anakula nyama. Jiko lilikuwa kando ya mizani, na kila mnyama aliyeingia pale, kipande chake cha kwanza kilipita jikoni na cha pili kwa mteja. Upande wa huku, Mzee Obeid alikuwa amekaa peke yake, anafukuza nzi. Meza ameisugua ikang'aa. Kisu amekinoa na hakina cha kukata. Alipomwona binti yake alijaribu kutabasamu, na Saumu akatamani ardhi ipasuke.

Jioni alimweleza babake yote. Damu, jino, sunna, na lile la Mama Selpha. Alieleza mbele ya mamake, amesimama wima, maana alijua kwamba kibao kikija ni haki yake. Rehma aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akauliza kama ni yeye aliyezaa huyu au walibadilishiwa hospitalini. Akauliza mtoto wa kike asiyekula nyama ataolewa na nani, sungura? Alisema mengi, na mengine sitayarudia. Obeid alikuwa amekalia ukingo wa kiti, rangi imemtoka, na Saumu alishangaa kwamba uso ule haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa woga.

Mwisho akasema taratibu kwamba lisisikike tena, popote, kwa mtu yeyote, kwamba katika nyumba hii kuna mtu asiyekula nyama. Bucha ikifa, alisema, hakuna karo, hakuna kodi, na mwezi ujao wanarudi kwa ndugu zake Mumias kukaa kwenye veranda ya watu. Saumu akaitika. Usiku wote ule aliiona veranda hiyo.

Jumamosi Mama Selpha akaja. Nitampa haki yake: angeweza kuhamia kwa Wakhisi kimya kimya kama wengine, lakini yeye alikuja mwenyewe, mchana kweupe, kapu mkononi, na nyuma yake wamemfuata wale ambao siku zote hufuata penye harufu ya maneno. Milka alikuwepo. Utingo wawili walikuwepo. Wateja wa Wakhisi nao walivuka barabara, na Wakhisi mwenyewe akatoka kizingitini kwake, mbavu mkononi, kutazama.

"Mzee, mimi si mtu ya maneno mingi," Mama Selpha akasema. "Mimi nalisha watu. Hii mtoto yako akule nyama yako hapa, nione na macho yangu. Akikula, nanunua. Akikataa, mimi na wewe tumemalizana."

Obeid akakata kipande kizuri cha mgongo, akatia chumvi, akakibandika kwenye jiko alilokuwa akichemshia chai. Watu wakasubiri. Mafuta yakadondoka, moshi ukapanda. Akamvuta Saumu kando, nyuma ya robo ya ng'ombe iliyoning'inia, akamwambia kipande kimoja tu, mwanangu, kimoja na yaishe.

Saumu akasema ndiyo. Ulimi wake ndio uliowafikisha hapo, na ulimi huo huo ulipe. Lakini alipokishika kile kipande, kikimchoma vidole, aliona wazi kile anachokitoa. Si kipande kimoja. Akila leo mbele ya watu hawa, atakula kesho na keshokutwa. Manyatta nzima itakuwa inachungulia sahani yake mpaka aolewe. Ile furaha yake ndogo, isiyomdhuru mtu, ya kuinuka mezani mwepesi, ilikuwa imekwisha. Machozi yakamjaa. Hata hivyo akafungua mdomo.

Babake akamshika mkono.

"Mwacheni mtoto," akasema Obeid. "Mwenye bucha ni mimi. Nitakula mimi."

Akachukua nyama, akaitia kinywani, akafumba macho. Obeid alitafuna. Akatafuna tena. Alitafuna kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa amemaliza sahani na kuomba maji. Jasho likamtoka kwenye kipaji cha uso, shingo ikasimama mishipa, na kila alipojaribu kumeza, koo lilifunga. Mwisho akageuka ukutani, akainama, na nyama ikarudi ilikotoka.

Hakuna aliyecheka. Milka aliziba mdomo kwa leso. Mwenye bucha ametapika nyama yake mwenyewe mbele ya halaiki; kama kulikuwa na mtu anayetaka ushahidi wa punda, huo hapo, umelala sakafuni. Mama Selpha alitikisa kichwa kwa huzuni, akainua kapu lake tupu.

Na Saumu alikuwa bado amesimama pale pale, anamtazama babake mgongo, na kitu kikafunguka akilini mwake. Lile pazia lililoshushwa kila jioni. Yale mabakuli yaliyorudi mchuzi umepungua na nyama iko vilevile, tangu yeye hajui hata kuvaa viatu. Hayakuwa mapenzi. Au yalikuwa mapenzi pia, Mungu ndiye ajuaye, lakini kwanza yalikuwa mtu anayetafuta mahali pa kuficha nyama. Yeye Saumu alikuwa paka wa babake.

Akapanda juu ya gogo la kukatia nyama, na ndala zake, jambo ambalo siku nyingine lingempatia makofi.

"Baba hali nyama," akasema. "Si hii. Nyama yoyote. Hajala tangu mimi nikiwa mdogo. Alikuwa ananipa mimi, na mimi nikaacha, ndiyo nikawapa paka."

Obeid aligeuka. Alifungua mdomo akanushe, akamtazama binti yake juu ya gogo, akaufunga. Kisha akaitikia kwa kichwa. Akasema, kwa sauti ambayo waliosimama nyuma hawakuisikia wakataka warudiwe, kwamba mtu akishinda ndani ya kitu toka alfajiri, akanuka kitu hicho hadi kwenye mto wake, jioni hawezi tena kukipokea kinywani. Alificha kwa sababu alijua watasema nini. Na si wamesema?

Utingo mmoja akauliza, bila ubaya, ni mwenye bucha gani asiyekula nyama.

Hapo ndipo Saumu alipoukumbuka ule ulimi wa utani aliojaliwa na Mungu, uliomtia mashakani wiki nzima, na safari hii akautumia mahali pake. Akasema hilo ni swali zuri, naye ana lake. "Mwenye bucha anayependa nyama kuliko kitu chochote, ule mgongo mtamu anamwekea nani?"

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha kichwa kimoja kikageuka, na cha pili, mpaka kundi zima likawa linatazama ng'ambo ya barabara, ambako Wakhisi alikuwa amesimama kizingitini, mashavu yamejaa, mbavu zimebaki mifupa. Wakhisi aliacha kutafuna. Alikuwa amechelewa.

Midomo ya Mama Selpha ilihesabu mambo yake. Akasema kwamba zamani, kabla ya kuja kwa Obeid, alinunua kwa Wakhisi, na daima alijiuliza mbona ng'ombe wa Wakhisi wanazaliwa bila mgongo. Kumbe mgongo ulikuwa unaliwa mapema. Mtu asiyeitaka nyama, akasema, hana sababu ya kukuibia. Hata akitaka kukuibia, ataipeleka wapi? Watu wakaitikia eh, eh, ni kweli, na Milka akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Lakini Mama Selpha hakuwa amemaliza. Alimwita Saumu ashuke, akamshika sikio, akamuuliza taratibu ni nini hicho alichokijua yeye ambacho angekijua Mama Selpha asingekula nyama. Saumu, kichwa kimeinama upande wa sikio, akajibu ukweli: kwamba mchicha ni mtamu. Alikuwa anatania tu. Akaomba msamaha, na kwa mara ya kwanza mwezi ule aliyoyasema yalikuwa yametoka moyoni. Mama Selpha alilisokota sikio lile mzunguko mmoja kamili, kwa ajili ya adabu, akaliachia, akaweka kapu juu ya mizani.

"Mzee, ujaze," akasema. "Na mgongo."

Saa za alasiri kulabu zote zilikuwa tupu. Nasikia Wakhisi naye, wiki haijaisha, alitangaza kwamba ameacha nyama kabisa, ni mboga tu, na akalihamishia jiko lake nyuma ya pazia. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu pazia lilikuwa linatoa moshi.

Obeid na binti yake walirudi nyumbani jua likizama, wamechoka, wanachekea tumboni. Njiani Obeid aliuliza, kwa aibu ya mtu anayeomba kitu dukani kwa mara ya kwanza, huo mchicha unaungwa na nini hata uwe mtamu hivyo, maana yeye miaka yote amekuwa akishiba ugali na mchuzi. Saumu akamwambia njugu za kusaga. Akamweleza kunde na mrenda, akamweleza mnavu ukichemshwa na maziwa. Obeid alisikiliza yote. Walikuwa wameshaanza kupanga chakula cha usiku.

Rehma alikuwa anawasubiri. Habari zilikuwa zimefika kabla yao, bila shaka, zilipitia mferejini. Alikuwa amepika kama kawaida, na bakuli la baba lilikuwa mezani sebuleni, limefunikwa, pazia liko juu. Alimwambia mumewe aseme mwenyewe, na Obeid akasema, akitazama sakafu: tangu mwaka walipohamia Manyatta. Alishindwa kumwambia kwa sababu yeye Rehma alikuwa akipika kwa moyo sana.

"Nimekusifu kwa watu miaka yote hii," Rehma akasema. "Nyumba za watu zimepata ugomvi kwa ajili yako."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alifunua bakuli, mvuke ukatoka, akalitazama lile paja lililokatwa vizuri, likaungwa kwa nyanya na dania. Saumu naye akalitazama, na ndipo jambo jingine lilipomjia, ambalo halikuwa la kuchekesha hata kidogo. Nyama ile ilitoka sufuriani ikaenda kwa baba. Kutoka kwa baba ikaja kwake. Kutoka kwake ikaenda kwa paka. Mamake, aliyeipika, alijipakulia mwisho, akakwangua kilichobaki: shingo, mfupa, ukoko na mchuzi. Kila siku ya maisha yake Saumu alikuwa amemwona mamake akifyonza mfupa, na hakuwahi kujiuliza kama anaupenda. Katika foleni ya nyama ya nyumba hii, paka walikuwa mbele ya mamake.

Alitaka kusema kitu. Safari hii hakupata hata uongo.

Rehma alivuta kiti cha mumewe akakikalia. Akanawa mikono bila haraka. Akalivuta bakuli mbele yake, akachagua kipande kikubwa kuliko vyote, akaanza kula. Hakuona haya, wala hakumtazama mtu. Alikula kipande cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, mafuta yakamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono akayalamba, na mume na mtoto wamesimama mlangoni kama wageni waliokuja saa mbaya. Alimaliza nyama yote. Akafuta bakuli kwa tonge la mwisho la ugali, likawa jeupe.

Obeid akakohoa. Akauliza, kwa heshima zote, kama na wao kuna chochote walichobakishiwa.

"Mchicha uko nyuma ya nyumba," Rehma akasema, akijilamba kidole gumba. "Haujachumwa."